Sukari Niliyoificha Wodini

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Kaeni tu. Leo sianzi na pambio, maana pumzi yangu bado ni fupi na maneno niliyonayo ni mengi.

Mnanifahamu: mkulima wa kahawa wa hapa Isansa, mwanakwaya wa sauti ya pili. Kabla ya korona nilikuwa na kisukari na presha. Nikaombewa, nikajisikia mwepesi, na Jumapili iliyofuata nikasimama hapa hapa nikatangaza kwamba sukari imekwisha. Mlipiga vigelegele. Mama mmoja alinitunza kuku. Vidonge nikavitupa chooni, wala hakuna aliyenituma. Mchungaji alinishauri nikapime kwanza, nikamwona ana imani haba.

Baada ya miezi michache ile kiu ya sukari ikarudi. Sasa ningewaambia nini? Nilishashuhudia, na mlishashangilia. Nikawa napanda gari kwenda Tunduma, ambako hakuna anayenijua, nanunua vidonge na kuvificha kwenye debe la ulezi. Nilimeza siku nilizoogopa. Nikipata nafuu, naacha.

Ndipo korona ikanikuta. Homa, kikohozi, halafu pumzi ikawa haitoshi hata kumaliza sentensi. Wamama wawili wa kwaya wakanifikisha hospitali. Nesi akaniuliza kama nina sukari, presha au pumu. Alieleza kwamba wenye magonjwa hayo korona huwaelemea zaidi, tena kuna dawa ya mapafu inayopandisha sukari, kwa hiyo ni lazima wajue mapema. Niliwatazama wale wamama, nao wakanitazama. Nikasema sina. Presha waliipima wakaiona wenyewe, lakini vipimo vya damu vilikuwa vya kesho yake, na ile dawa ya mapafu nikaanzishiwa siku ile ile. Ndugu zangu, niliona aibu kuliko nilivyoogopa kufa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ilibaki kidogo tu niwe mfano wao.

Kitanda cha pili alilazwa mfanyabiashara wa vitenge wa Tunduma, Mwislamu, jina lake Mama Hadija. Yeye alipoulizwa alitaja magonjwa yake yote, kuanzia sukari mpaka goti, kama mtu anayefunguliwa mizigo mpakani. Nilimdharau kidogo. Mchana akaniona namaliza chupa ya tatu ya maji. Akasogeza barakoa yake ya oksijeni pembeni.

"Dada, hiyo kiu naijua," aliniambia. "Mwambie nesi, la sivyo namwambia mimi."

Nililia. Kisha nikamwita nesi. Wale wamama walikuwa wamesimama dirishani, nikasema hivyo hivyo wakisikia. Walipopima, mashine ilishindwa kutoa namba kwa jinsi sukari ilivyopanda. Wakanitundikia maji, wakanichoma insulini, oksijeni ikaongezwa. Daktari alisema ningefika kesho yake kwa shida.

Namshukuru Mungu aliyenitoa pale. Nilikaa wodini wiki tatu, nikatoka nimekonda lakini natembea. Mama Hadija hakutoka. Yeye alisema kweli tangu mlangoni, mimi nilidanganya, yeye akazikwa na mimi nimesimama mbele yenu. Sina maelezo ya jambo hilo, na anayejifanya anayo simsikilizi. Ninachojua ni kwamba alikuwa na pumzi kidogo sana, na akaitumia kuniokoa mimi. Namkumbuka kwa uchungu.

Kwa hiyo sukari sijapona. Bwana ameniponya uongo, na huo ulikuwa umekaa pabaya zaidi. Ushuhuda niliotoa mwaka ule naufuta mbele yenu leo, mnisamehe.

Kwa nini nasema haya hadharani, wakati ningeweza kunong'ona kwa mchungaji? Kwa sababu wiki iliyopita niligundua kwamba kaka yangu Asajile aliacha vidonge vya presha siku ile ile niliposhuhudia. Alisema kama Mungu amemtosha dada, atamtosha na yeye. Ameketi pale nyuma, na sasa ameinamisha kichwa.

Kaka, inua kichwa. Kosa ni langu. Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, maana hata mimi mwongo hakuniacha. Kesho ni siku ya kliniki. Saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na kadi yangu mkononi, na sitaondoka pale bila wewe.