Upanga Ule Apewe Marlis

Nikalisheni vizuri, wanangu, niwekeeni mto mwingine mgongoni, na wewe Albin zima hiyo simu, maana nikianza kusema sitaki kukatizwa na mtu, awe padri awe daktari. Nyumba mgawane sawa kwa sawa, ng'ombe wale sita ni wa Marlis kwa kuwa ndiye anayewakamua, na juu ya hayo sina la kuongeza. Ninalotaka kulisema ni la upanga.

Najua mnavyonong'onezana jikoni. Albin, unamwambia dada yako kwamba upanga ni wa mtoto wa kiume, ndivyo ilivyo hapa jimboni Appenzell tangu enzi na enzi: baba humpa mwanawe, na mwana huufunga kiunoni Jumapili ya mwisho ya Aprili, akaingia nao uwanjani kuinua mkono, kwani upanga ndio kitambulisho chake cha kupigia kura. Sawa. Lakini huu baba yenu Remigi aliutoa wapi? Kwao walikuwa vibarua, hawakuwa hata na kisu cha maana. Ni wa babu yangu, akaurithi baba yangu, naye baba hakujaliwa mtoto wa kiume, basi siku ya harusi yangu akanipita mimi, binti yake wa kumzaa, akamkabidhi mkwe. Mimi nikaachiwa kazi ya kuung'arisha. Miaka arobaini nimeung'arisha kila Aprili, kisha nikaenda kusimama nyuma ya kamba ya uwanja na wanawake wenzangu, tukiwatazama wanaume wakiamua kodi yangu, barabara yangu na shule ya wanangu.

Bibi yangu alitarizi vitambaa vilivyouzwa hadi Paris, na fedha zake ndizo zilizojenga zizi hili. Akafa hajaulizwa neno. Huko Ufini wanawake walianza kupiga kura yeye akiwa bado na meno yake yote. Sisi tuliambiwa tusubiri. Mwaka wa tisini wanaume wakaulizwa tena kama nasi tupige kura, na kutoka nyuma ya kamba nikamwona Remigi, mume niliyemzalia, akiinua mkono kutukataa. Aliporudi nyumbani akauliza, "Mbona leo hakuna chakula?" Nikamjibu, "Kawaulize wale ulioinua mkono pamoja nao." Wiki tatu alikula mkate na jibini, na akome! Mahakama kuu ya Uswisi ndiyo iliyotufungulia uwanja mwaka ule ule, si wao. Nilimsamehe baba yenu kabla hajafa, lakini sikusahau, na sioni haya kusema.

Usiniangalie hivyo, Albin. Umehamia Zürich miaka thelathini sasa, kura yako iko huko, upanga huu ungeutundika juu ya televisheni uwaonyeshe wageni. Unasema wanawake wana kadi zao za kupigia kura, eti Marlis akijifunga upanga watu watamcheka. Wacheke! Mwaka ule wa kwanza tulipoingia uwanjani walitucheka pia, mzee mmoja akatema mate karibu na kiatu changu, nami nikainua mkono juu zaidi.

Marlis, chukua. Usiniambie "lakini mama". Utaufunga juu ya gauni lako jeusi, wala usiufiche kwa koti. Sogea nione... mkanda umelegea, kaza mwenyewe, vidole vyangu havina nguvu tena. Hapo. Mungu akupe... nipeni maji kidogo. Mungu awape nyote wawili afya, awalindie watoto wenu, na mpendane, nisisikie mmegombana nami bado sijapoa.

Albin, mwanangu, njoo karibu, sauti inakwisha. Aprili upande treni uje. Uwanjani hutaingia, hapa huna kura. Simama nyuma ya kamba, pale nilipokuwa nikisimama mimi. Na wakianza kuulizana yule mwanamke amejifunga upanga wa nani... usimwachie ajibu yeye. Jibu wewe, kwa sauti. Sema ni wa mama yako.