Chupa ya Maji Katika Shamba la Jirani

Ndugu zangu, Papa na Mama mulio hapa, nimeombwa niseme namna Mungu alivyonitoa kifungoni. Sitataja jina la mtu. Wengine wameketi kati yetu, wengine tumewazika.

Kabla ya vita nilikuwa nikimbebea chombo mzungu mmoja aliyepima mawe katika vilima vya Lukuga. Kilikuwa chupa ya maji iliyozungushiwa waya wa shaba, juu ya fimbo ndefu, pamoja na kisanduku cha betri chenye namba. Munaosafiri kwa mashua kwenda Mpala munajua dira: inafuata sumaku ya dunia, na ukiweka chuma karibu, inapotoka. Chembe ndogo kabisa ndani ya maji nazo zinaisikia sumaku hiyo. Zinatikisika, kisanduku kinahesabu. Pakiwa na chuma chini ya udongo, namba inabadilika. Ndiyo maana nilitembea bila kisu wala mkanda; hata viatu vya misumari nilivua.

Vita ilipokuja, mzungu alikimbia akaniachia chombo. Nami, nakiri mbele yenu, nilijisifu sokoni kwamba hakuna chuma kitakachofichika kwangu. Neno likawafikia wenye bunduki walioushika mji.

Asubuhi moja wakanipeleka kwenye shamba la mihogo la jirani yangu. Alikuwa ameshitakiwa kwamba amezika bunduki. Yeye na mke wake walisimamishwa kando ya njia.

“Papa, tafuta,” mkubwa wao akasema. “Ukipata, tunamumaliza yeye. Ukidanganya, tunakumaliza wewe.”

Ndugu zangu, sikujua kulikuwa na nini chini pale. Kukataa sikuweza, kudanganya niliogopa. Hata sala ilinikimbia. Nilibaki na “Bwana, Bwana” tu, kama mtoto anayejifunza kusema.

Nikainua fimbo. “Inasema nini?” mkubwa akauliza.

Nikatazama. Namba ziliruka ovyo. Watu sita walikuwa wamenibana, bunduki mabegani.

“Inasikia bunduki zenu,” nikajibu. “Muziweke mbali, kule barabarani, njo itasikia udongo.”

Ulikuwa ukweli, nami nikaogopa, kwa sababu wakikubali ningelazimika kusoma namba ya kweli.

“Tuziache, watu wako watushike? Eh, muzee huyu iko na akili!” Wakacheka. Mmoja akaipiga chupa kwa kitako cha bunduki. “Tazameni, maji tupu!”

Jirani wakamwacha. Mimi wakanifunga, eti nimewachezea. Nilikaa ndani mpaka walipokimbia mji. Nilimkasirikia Mungu, nikageukia ukuta, nikakataa kula.

Lakini kila siku mwanamke mmoja alikuja mlangoni na ugali wa bukari na samaki wadogo wa ndagala. Walinzi walimcheka: “Mama, huyu njo bwana yako?”

“Hapana. Njo jirani yangu. Mufungue, chakula kinapoa.”

Alikuwa mke wa yule jirani wa shamba la mihogo. Alijua kabisa kwamba mdomo wangu ndio uliowaleta shambani kwake. Siku nilipolielewa jambo hilo nililia, nikala, nikaanza tena kusali.

Sikujiokoa kwa lolote. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama huyo, na mume wake aliyemruhusu kuja. Nawaomba neno moja: mukisikia mtu amefungwa, mupelekeeni chakula kwanza. Habari ya kosa lake inaweza kungoja mpaka ashibe.