Chakula Alichokula Papa Manassé

Bandugu, bajirani, na ninyi wote muliofunga kazi kusudi mulie pamoja nasi, musikilize maisha ya papa wetu, Lusenge Manassé.

Alizaliwa Kamango tarehe 14/03/1946, mutoto wa mukulima Kasonia na bibi yake Kahongya, akamaliza masomo ya primaire kule kule mwaka wa 1959, akajifunza kazi ya kuendesha camion, na tangu 1968 mupaka 2011 alikuwa chauffeur kati ya Butembo na Beni, mutu wa kucheka sana, anayepita polepole kila mahali batoto bako kando ya barabara. Tarehe 21/08/1971 alifunga ndoa na Mama Godelive hapa Butembo, Mungu akabapa batoto wawili, Kanyere anayeishi Bungulu kule Beni, na Lévi wa Bulengera hapa Butembo. Godelive alipofariki mwaka wa 2015, papa alihamia kwa Lévi, na bibi ya Lévi, Jokébed, akamutunza kama baba yake wa kuzaa.

Kuelekea mwaka wa 2019 miguu yake ilianza kukosa kusikia udongo, mikono ikatetemeka, Kifaransa kikamutoka, kisha Kiswahili, akabakia na Kinande tu, na alipomaliza kula alisahau kama amekula, anatoka inje na kuambia bajirani kama mukwe wake anamuua na njaa. Bajirani baliamini, bengine bakataja sumu, na Jokébed akawa anaenda soko ya mbali, sababu kwa ile ya karibu hakuna aliyemusalimia.

Mwezi wa sita 2022 Kanyere, aliposikia yale maneno, alifika na hasira kubeba papa kwake, na Jokébed alikunja nguo za muzee, akasema tu:

— Wifi, bugali umufanyizie laini, anameza kwa shida.

Juma mbili hazikuisha, papa akasimama kwa mulango wa Kanyere, maharagi ingali kwenye midomo, akaita bapita-njia:

— Huyu mama ananinyima chakula!

Kanyere alikaa chini akalia. Munganga wa ubongo na mishipa ya fahamu alimueleza kama ubongo wa kila mutu unapunguka na uzee, na habari zinachelewa kupita ndani ya mishipa, lakini kwa papa ugonjwa ulizidi uzee wenyewe, ukala mahali ubongo unaweka mambo mapya, hapana sumu, hapana uchawi. Kanyere alirudisha papa Bulengera, akapiga magoti mbele ya bajirani bale bale.

— Jokébed, unisamehe, nilikuhukumu bure.

— Simama, wifi, tuingize papa kwanza, jua ni kali.

Tarehe 09/02/2024 ugonjwa wa mapafu ulimushika, akafariki tarehe 17 asubuhi, kichwa chake juu ya mukono wa Jokébed, akimuita mama. Anaacha batoto wawili na bajukuu tisa.

Tunashukuru banganga, bachauffeurs wenzake, kanisa na bajirani. Lévi na Kanyere bamekubaliana kama udongo wa kwanza ndani ya kaburi hautatupwa na mutoto wa damu, utatupwa na Jokébed, na tunaomba mumufungulie njia.

Papa Manassé, upumzike kwa amani.