Paa Lisilotunza Joto: Maneno ya Wafanyakazi wa Wadi ya Watoto Wachanga

Mgeni rasmi, mganga mkuu, wazazi na wenzetu wote,

KARIBU

Tunakupokea kwa mikono miwili. Ukisikia baridi miguuni usishangae. Humu ndani kuna baridi kuliko nje, nasi tumeshaizoea.

TULIKOTOKA

Wadi hii ilikuwa ghala la magodoro. Ilipogeuzwa ilipakwa rangi na kuletewa vitanda, lakini dari haikuwekwa. Juu yetu ni bati tupu. Mchana linatuchoma, alfajiri joto lote linatoroka. Hita sita zinawaka, kumbe tunawapasha joto ndege walioko paani.

MAFANIKIO

Tunalo moja tu, nalo ni la muuguzi wetu tunayemwita Mama Viraka. Aliomba makasha matupu ya dawa kule stoo, akayapigilia chini ya bati, juu yake akajaza mablanketi chakavu. Nyufa za madirisha akaziziba kwa vitambaa. Tulimcheka: "Mwenzetu, unajenga kiota?" Akajibu, "Chekeni tu, mtanitafuta." Kipimajoto kilipanda, tukazima hita tatu. Kwa miezi minane hatukupoteza mtoto kwa baridi.

CHANGAMOTO

Mwaka jana tuliambiwa anakuja mgeni mkubwa kama wewe. Tukaona haya. Nani amwonyeshe mgeni makasha na matambara? Siku moja kabla tukayabandua yote, na Mama Viraka mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi. "Tutayarudisha akishaondoka," alisema. Wadi ikapendeza kweli.

Alfajiri yake baridi ilizidi, tukawasha hita zote sita kwa mpigo mmoja, umeme ukazidiwa, swichi kuu ikajikata. Fundi umeme alipofika, mmoja wa mapacha waliozaliwa kabla ya siku zao alikuwa ameshatutoka. Mama yao alimuuliza Mama Viraka, "Dada, jana humu palikuwa na joto. Mmefanya nini?"

 Swali hilo linatuuma mpaka leo. Mgeni alifika saa nne, akatusifu kwa usafi. Makasha yalikuwa yameshatupwa, hayakurudi tena.

MAOMBI

Tumeiona ramani ya wadi mpya. Ni bati tupu na madirisha yasiyofunga vizuri, yale yale ya hapa, ila jengo ni kubwa zaidi. Tunaomba kiandikwe kiwango kwa kila jengo la hospitali ya umma, na kifuatwe: dari, tabaka la kuzuia joto chini ya bati, na madirisha yanayofunga sawasawa.

Mama Viraka ndiye angesoma maneno haya. Ameomba radhi, hawezi tena kusimama mbele ya mgeni. Yuko wadini na watoto.

Mgeni rasmi, jiwe la msingi liko tayari, sementi imeshachanganywa, na mwiko tumekuoshea sisi wenyewe. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunakuomba usiliweke leo.

Mungu akurudishe salama kwako, uwakute wanao wamelala pahali penye joto.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Wadi ya Watoto Wachanga