Mzuiaji Alikuwa Amesimama

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu mwenzetu anavua rasmi jezi ya uamuzi, baada ya miaka thelathini na mmoja katika mpira wa kikapu wa vyuo. Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye cheti. Kwetu sisi ni Kisigino, kwa sababu watu wote ukumbini wakiangalia mpira, yeye huangalia visigino vya mzuiaji.

Nyumbani hakuwa tofauti. Mkewe anasimulia kwamba kwenye harusi ya binti wa kaka yake, mashangazi wawili waligongana mlangoni na masinia ya chakula. Kabla mchuzi haujafika sakafuni, Kisigino alikuwa ameshapiga ngumi kiganjani: faulo ya kuvamia. Shangazi mwenye kosa hakumsemesha mwaka mzima.

Kwa asiyeijua kazi yetu, mshambuliaji na mzuiaji wakigongana, refa ana nusu sekunde ya kuamua nani kamkosea nani. Ama mshambuliaji kamvamia mtu aliyekwisha kupata nafasi yake, ama mzuiaji kachelewa na kuziba njia, na hapo refa huweka mikono kiunoni. Hakuna uamuzi unaotuletea matusi kama huo. Kisigino alitufundisha tusibahatishe. Mwangalie mzuiaji kwanza, mpira hautapotea. Je, kifua chake kilikuwa njiani kabla mwenzake hajaruka? Kama kilikuwepo, haki ni yake, hata akirudi nyuma hatua moja, hata akijikinga uso. Kuanguka si ushahidi, maana wapo wanaoanguka kwa ufundi zaidi kuliko wanavyocheza. Na kama hukuuona mwanzo wa tukio, usipulize. "Filimbi haina mkia wa kuivutia nyuma," alikuwa akituambia.

Hakuzaliwa akiyajua hayo. Ninayoandika sasa nimeruhusiwa naye, na pia na mama mmoja nitakayemtaja mbele.

Mwaka wake wa saba alichezesha nusu fainali katika ule ukumbi wa zamani wenye sakafu ya mbao na madirisha yaliyo juu karibu na paa. Chuo cha uuguzi kilikuwa na mzuiaji mrefu, mpole, ambaye wenzake walimwita Nguzo. Dakika za mwisho mshambuliaji alikuja mbio upande wa kushoto wa goli la mbali. Nguzo alimsubiri miguu ikiwa imetulia. Walipogongana, Nguzo alianguka chali, kisogo kikapiga mbao. Kisigino alikuwa anautazama mpira. Akaweka mikono kiunoni. Kwa Nguzo hiyo ilikuwa faulo ya tano, ya kumtoa mchezoni.

Nguzo aliinuka taratibu. "Refa," alisema, "mimi nilikuwa nimeshasimama."

Kisigino alimwonyesha benchi.

Alikwenda, akakaa, akaegemea ukuta. Mchezo ulipokwisha wenzake walimtikisa, hakuamka. Alifariki asubuhi iliyofuata. Damu ilikuwa imevujia kichwani. Madaktari walisema ni lile anguko, na kwamba uamuzi wowote wa refa usingebadilisha kitu. Kisigino aliwasikia. Lakini maneno ya mwisho ya yule kijana hapa duniani alikuwa ameambiwa yeye, na yeye hakuyajibu.

Kuanzia hapo akawa huyu tunayemfahamu. Miaka ishirini na minne ametufundisha, ameandika mwongozo tunaoutumia wote, amechezesha fainali kumi na moja. Ukumbi ule hakuukwepa hata mara moja, ingawa wengine tuliukwepa. Wachezaji wageni, bila kuambiwa chochote, hawapiti upande wa kushoto wa goli la mbali. Wakifika pale hupinda kama mtu anayempisha mwenzake kwenye korido. Msafishaji wa ukumbi aliwahi kuniambia kwamba akipiga deki, sakafu hukauka yote isipokuwa mahali pawili, kila pahali pana ukubwa wa soli ya kiatu. Nilimcheka. Yeye hakucheka.

Mwezi uliopita Kisigino alichezesha mchezo wake wa mwisho, humo humo, saa kumi jioni, jua likiingia kwa yale madirisha ya juu. Mimi nilikuwa refa wa pili. Kipindi cha pili kijana mmoja alipora mpira, akabaki peke yake na goli la mbali. Mzuiaji wa karibu alikuwa hatua tano nyuma yake. Akakata kushoto, akaruka.

Akasimama hewani. Sina neno jingine. Alikoma kama mtu aliyegonga mlango uliofungwa, tukasikia kishindo cha kifua kwa kifua, akarudi chini kwa mgongo. Mpira ukadunda wenyewe hadi kwenye viti.

Filimbi ya Kisigino ililia. Akapiga ngumi kiganjani, akanyoosha mkono kuelekea goli la pili. Faulo ya mshambuliaji.

Kocha aliingia uwanjani mikono juu. "Refa, kamgonga nani? Hebu nionyeshe, kamgonga nani?"

"Mzuiaji alikuwa amesimama," Kisigino alijibu. Sauti yake haikutikisika.

Kocha alikuwa anavuta pumzi ya kumtukana, kijana akamsemesha kutoka sakafuni, mkono kifuani, midomo imemkauka. "Mwache, kocha. Nimemgonga mtu."

Nilitazama pale alipogongea. Palikuwa na alama mbili za viatu, zimelowa, sambamba, vidole vikielekea kwetu. Zilikauka nikiziangalia. Mwandishi wa pointi aliandika faulo bila kuuliza swali, na mchezo ukaendelea. Wote tulizungumza kwa sauti ya chini hadi mwisho.

Jumapili yake Kisigino aliniomba nimsindikize kwa mama yake Nguzo. Miaka yote hiyo hakuwahi kwenda. Mama alitukaribisha sebuleni. Kisigino hakukaa.

"Mama, mimi ndiye refa wa siku ile. Mwanao alikuwa amesimama. Nilikosea mimi, na aliponiambia sikumsikiliza."

Yule mama aliukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake.

"Huwa naota yuko hapo mlangoni," alisema hatimaye. "Miaka yote. Namwambia, baba, kaa, utachoka bure. Anatikisa kichwa, hakai. Nilidhani ana hasira na mimi."

Kisigino alilia kama mtoto, na mama akainuka kumshika bega. Ilikuwa zamu yangu kutazama sakafu.

Wiki iliyopita nilichezesha ukumbini mle. Mshambuliaji alikata kushoto wa goli la mbali, akaruka, akafunga kilaini. Nilikuwa nikimtafuta mzuiaji, kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na mtu. Nakiri nilijisikia mpweke, nikachelewa kuashiria pointi mbili.

Juzi simu ya Kisigino ililia tukiwa wote ofisini tukipanga hafla ya Ijumaa ya kumuaga. Alisikiliza, akasema "Asante, mama," akaiweka mezani polepole. Nilimuuliza kuna nini.

"Amemwota jana," alisema. "Amekaa."

Ndugu yetu, kwa niaba ya waamuzi wote wa vyuo, asante kwa miaka thelathini na mmoja, kwa mwongozo, na kwa matusi uliyoyapokea kwa niaba yetu. Mkeo anatuomba tusikupigie simu kabla ya saa tatu asubuhi, na tumekubali. Nenda salama, ulale usingizi mzuri, na siku zako zilizobaki ziwe njema.