Jiwe la Pili la Zahanati

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, linatazamana na karakana ya mawe. Asubuhi hiyo kahawa ilipoa vikombeni, macho yote ng'ambo. Jana yake mwenzetu Nyundo, fundi wa mawe kwa miaka ishirini, alikuwa akitoboa tundu la kwanza, kati ya mawili ya mabomba, kwenye jiwe nene la sinki la zahanati. Ilibaki kidogo tu amalize, jiwe likapasuka vipande viwili. Lilibaki jiwe moja. Bosi akalikabidhi kwa shemeji yake Nyundo, mdogo wa mkewe, naye fundi palepale, na Nyundo akaambiwa apumzike. Akaja kupumzikia kwetu, uso umemshuka.

— Lile jiwe lilikuwa bovu, alisema Nyundo. Na hilo litapasuka vilevile, mtaona.

— Mbona analimwagia maji? aliuliza Kinyozi, mashine mkononi, mteja kanyolewa nusu.

— Analibembeleza. Jiwe likipata joto linanuna, alijibu Profesa, ambaye shule aliiacha njiani ila jibu hajawahi kukosa.

— Na udongo aliozungushia?

— Ili maji yasikimbie. Lakini siri ni pumzi. Akitoa pumzi, jiwe nalo linatoa, ndipo anasukuma.

— Jiwe linapumua?

— Na jasho linatoka! Hujayaona mawe alfajiri?

— Ule si umande, Profesa?

— Umande ndilo jina la jasho la mawe.

Mimi nilikuwa namtazama yule dada tu, na raha nilikuwa naiona. Anatoboa kidogo, anainua drili, anasuuza tope, anarudi polepole kama hana pa kwenda. Alipofika katikati akazima mashine, akawaita wenzake wawili, wakaligeuza jiwe juu chini.

— Kashindwa! Nyundo alisimama.

Wapi! Alianza upande wa pili, akifuata kitundu chembamba alichokuwa amekitoboa mwanzo kikapita mpaka chini. Baada ya muda kipande cha duara kikadondoka. Akapitisha kidole ukingoni, mzunguko mzima. Hakuna hata ufa. Tukapiga makofi, isipokuwa mmoja wetu.

— Mmeona? alisema Profesa. Kaligeuza likapata kizunguzungu, halikujua lipasukie wapi!

Muuguzi mmoja wa zahanati, aliyekuja kuulizia sinki lao, alikuwa amesimama nyuma yetu.

— Jamani, kazi nzuri. Sasa lile la jana lilipasuka kwa nini?

Kinyozi akarudi kwenye kichwa cha mteja wake. Profesa akainua kikombe chake cha kahawa iliyopoa.

— Niliisukuma drili kwa nguvu, alisema Nyundo. Sikuligeuza. Nilitaka kumaliza haraka, basi. Jiwe halikuwa na kosa.

Roho iliniuma, na hapohapo nikamheshimu kuliko siku zote. Akavuka barabara, akasimama kando ya karakana aliyofanyia kazi miaka ishirini.

— Shem, hilo tundu la pili, naomba nikushikie maji.

Dada hakuinua hata kichwa.

— Shika, shem. Ila mimina kidogokidogo.