Lalla Itto na Watoto Kumi na Saba Walioitwa Baraka

Binti yangu Izza amepitisha kidole chenye asali juu ya tarehe sasa hivi, kwa hiyo naiandika tena: Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Lalla Itto Uhaddu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya wilaya. Mimi Tuda nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini wakubwa wamenipa mimi kazi ya kumwandikia. Wanasema namjua kwa miguu.

Kwenye karatasi za ofisi yeye ni mhamasishaji wa sensa. Huku milimani maana yake ni mwanamke anayetangulia siku tatu kabla ya makarani, yeye na nyumbu wake, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Watu husema hawajawahi kumwona akija. Huona tu kwamba ameshaketi, chai imeshamiminwa, na mazungumzo yamefika katikati. Anaweza kukuchambulia sufu asubuhi nzima asiitaje sensa hata mara moja.

Sensa ya mwaka 2004 ndiyo iliyomjaribu. Tuliambiwa wazi kwamba shule itajengwa kwetu Imintala au ng'ambo ya mlima, kutegemea upande wenye watoto wengi. Ng'ambo ni mwendo wa saa tatu, na theluji ikianguka hakuna mwendo. Lakini mama zetu hawahesabu watoto. Mtoto aliyehesabiwa ameonyeshwa kwa kijicho, na kijicho huua. Mama yangu alikuwa amezika wawili, na mimi, wa miaka mitatu, akanificha nyuma ya ghala la shayiri. Karani alizunguka kutwa. Nguo ndogo zilijaa kwenye kamba zikipepea kama ndege, na mtoto hakuna hata mmoja.

"Hizi za nani, bibi?" akamwuliza ajuza mmoja.

"Za mume wangu. Amepungua sana mwaka huu."

Lalla Itto hakubishana na mtu. Alikwenda kuketi na wanawake waliokuwa wakipima shayiri ya majira ya baridi. Kwetu mwenye kupima pishi hasemi moja, mbili, tatu. Ya kwanza ni "bismillahi", ya pili "baraka", ya tatu "karamu ya Mtume", ya nne "tutapata", ya tano "jichoni pa shetani". Akasikiliza mpaka ghala likajaa, kisha akasema taratibu, "Basi, ndugu zangu, nipimieni na watoto."

Wakacheka, wakapima. Milango ikafunguka. Mama mmoja alipofika kwa wa tano alisita kidogo, akasema, "Huyo mwandike hivyo hivyo, dada. Linamfaa."

Tatizo ni kwamba karani alikuwa wa mjini, akaandika alichosikia. Wiki ya pili ikaja simu kutoka mjini: Imintala ina watoto ishirini na sita wanaoitwa Bismillahi na kumi na saba wanaoitwa Baraka, orodha hii ni ya kughushi, itatupwa. Lalla Itto akapewa siku mbili. Alizirudia nyumba zote, goti limevimba, kuomba kile ambacho pishi haikukitaja, majina.

Kwetu alifika mwisho. Mama akaendelea kusaga shayiri. Lalla Itto akakaa. Mama anasimulia kwamba mvua ilianza, ikaacha, jua likapita ukutani, na mgeni bado amekaa.

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka mwanao ajue kusoma."

Mama akainama, akalinong'ona jina langu sikioni mwake, nalo likaandikwa polepole kama mtu anayeogopa kuliamsha. Shule ilijengwa Imintala. Herufi mnazosoma hapa zimetoka humo.

Sensa ya mwaka jana nilitembea naye. Alitufundisha wanawake wanane wa ofisi: usianze na mko wangapi, anza na mikate mingapi inaokwa asubuhi. Lakini tulipofika kwangu, Izza akiwa na miezi saba mgongoni, nikavuta shuka nikamfunika uso. Lalla Itto akageuka kutazama miti ya tofaa dirishani, kana kwamba ana siku nzima ya kuitazama. Nikalitaja jina mwenyewe, kwa sauti.

Asante, Lalla Itto. Tunakuombea mapumziko marefu, magoti mepesi, na asubuhi ambazo ukungu hauna haraka ya kuondoka. Jana mama aliniuliza safari ijayo atatangulia nani kama si wewe. Nimemwambia nitatangulia mimi, na mlango wa kwanza kuupigia hodi utakuwa wako. Najua unaishi peke yako, kwa hiyo nitakaa, chai ipoe tumimine nyingine, mpaka unitajie jina lako lote, nami nitaliandika kwa mkono wangu, halafu nita... Wananiita nje, gari lako limefika. Niache hapa, nije nikusomee.